Acheni kutuuzia muvi za kutisha zilizorudiwa kwa jina la zile za zamani

Wakuu, salaam kutoka Tanga.

Nina hasira na nitaandika kwa kirefu, asiyependa maneno mengi apite. Hapa Ngamiani ukienda kwenye library ya muvi ukaomba The Fog, kijana anakuingizia kwenye flashi The Fog ya 2005. Ukimwambia siyo hii, nataka ya 1980, anakujibu: "Ni ile ile kaka, hii imerudiwa tu, picha safi." Ukiomba Halloween unapewa ya 2007. Ukiomba The Thing unapewa ya 2011. Majina ya faili matupu, hakuna mwaka, unakuja kugundua ukiwa nyumbani na hela imeshakwenda.

Si ile ile. Picha safi haijawahi kumtisha mtu.

Nianze na hiyo The Fog, maana sisi watu wa pwani ilipaswa itushike kuliko wote. Katika ile ya John Carpenter, mji wa Antonio Bay unatimiza miaka 100. Mwaka 1880 waasisi wake sita waliwasha moto wa uongo ufukweni usiku, meli ya matanga iitwayo Elizabeth Dane ikaufuata, ikapasuka mwambani, waliokuwemo wakafa. Walikuwa wagonjwa wa ukoma waliotaka kujenga makazi yao jirani. Dhahabu yao ikachukuliwa, mji ukajengwa. Sasa wamerudi ndani ya ukungu kudai roho sita. Hawatoi hotuba. Sura zao huzioni sawasawa, unaona vivuli, ndoana na panga, unasikia mlango unagongwa.

Nendeni Deep Sea hapa Tanga mkawaulize wavuvi maana ya taa ya nchi kavu usiku. Ndiyo inayokurudisha kwa wanao. Kumwashia mtu taa ya uongo ili akagonge mwamba ni unyama usiohitaji kufafanuliwa kwa mtu yeyote aliyezaliwa Tanga. Ndiyo maana ile muvi inatisha hata sehemu ambazo hakuna kinachotokea: unajua kwamba wale wafu wana haki yao, na mji mzima umekaa juu ya dhuluma.

Waliorudia mwaka 2005 wakalichukua deni hilo la damu wakaligeuza mapenzi. Binti anayeongoza hadithi anakuja kugundulika kuwa ni mke wa Blake, mkubwa wa wale waliozama, aliyezaliwa upya. Mwisho anabusiana na mzimu na kuondoka naye. Jamani! Watu waliuawa kwa ukatili ule, miaka yote wanasubiri haki yao, halafu jibu ni busu? Kinachoniuma zaidi ni kwamba Carpenter mwenyewe yumo kwenye orodha ya watayarishaji. Aliiacha ipite.

Kuna wanaosema kosa ni kubadilisha, eti wangeiga kama ilivyo ingekuwa sawa. Hilo lilishajaribiwa. Mwaka 1998 Gus Van Sant aliichukua Psycho ya Alfred Hitchcock ya 1960 akaipiga upya karibu picha kwa picha, kwa hati ile ile na muziki ule ule wa Bernard Herrmann. Kilichobadilika zaidi ni waigizaji na rangi. Ikawa baridi kabisa. Sote tuliokulia vibanda umiza tunaijua sheria: steringi hafi. Hitchcock ndiye aliyeivunja. Janet Leigh ndilo jina kubwa, ndiye tunayemfuata tangu mwanzo na zile pesa alizoiba, halafu muvi haijafika nusu anauawa bafuni na hatuna tena wa kumshika mkono. Hitchcock alitaka watu wasiruhusiwe kuingia ukumbini muvi ikishaanza, kwa sababu alijua pigo lake limekaa wapi. Mwaka 1998 nani alikuwa hajui kitakachotokea bafuni? Kila pembe ya kamera unaweza kuiiga. Mshtuko hauigiki.

Halloween nayo wameiua kwa maelezo. Ya 1978 inaanza na mtoto wa miaka sita aliyetoka kumuua dada yake kwa kisu. Wazazi wanamvua kinyago, uso hauna kitu. Sababu hakuna. Daktari Loomis alihangaika naye miaka, na anachosema ni kwamba nyuma ya macho ya yule mtoto aliona uovu mtupu. Rob Zombie mwaka 2007 akaamua tunadaiwa ufafanuzi: nyumba ya matusi, mwanamume mlevi wa mama, mtoto anaonewa shuleni, anatesa wanyama. Muda mrefu unakwenda humo. Ukimaliza unamwonea huruma muuaji, na ukishamwonea huruma humwogopi tena.

Watu wazima wenzangu mnakumbuka mwaka 1995 Popobawa, lile jini la usiku, alipoitikisa Pemba kisha Unguja, ng'ambo tu ya maji kutoka kwetu. Watu na heshima zao walilala nje kwa makundi, moto unawaka. Nani alionyeshwa sura yake? Nani aliambiwa alilelewaje? Hofu ilidumu kwa sababu jibu halikuwepo, na kila mtu alilijaza mwenyewe gizani. Hawa wa kurudia muvi hawalijui hilo, au wanalijua na hawajali, maana wanachonunua ni jina. Jina limeshatangazwa miaka thelathini, kazi ya kuuza imeshafanyika.

Kuhusu kompyuta nitasema kidogo tu. Katika A Nightmare on Elm Street ya 1984 kuna pale Freddy, yule muuaji wa ndotoni, anajisukuma kutoka ukutani juu ya kitanda cha binti aliyelala. Kilikuwa kitambaa cha kuvutika na mtu nyuma yake, basi, na mpaka leo nywele zinasimama. Ya 2010 wakaitengeneza kwa kompyuta, na unaona wazi kwamba hakuna mtu pale. The Thing ya 2011 ni mbaya zaidi: mafundi walitengeneza viumbe vya kushikika kwa mikono, vikapigwa picha, kisha vikafunikwa kwa picha za kompyuta. Kazi ya watu ikafutwa.

Najua mtakuja kunijibu kwamba hata The Thing ya 1982 ni marudio. Ndiyo, na ninaipenda kuliko ile ya 1951. Carpenter hakuirudia muvi, alirudi kwenye hadithi ya John W. Campbell ya 1938 akachukua kile ambacho ya kwanza ilikiacha: kiumbe kinachojigeuza kuwa mwenzako. Ya 1951 ina dubwana moja unaloliona likija. Ya 1982 unakaa mezani na watu na hujui nani bado ni mtu. David Cronenberg naye na The Fly ya 1986. Ya 1958 mtu na nzi wanabadilishana kichwa na mkono mara moja. Yeye akafanya mwili uoze taratibu mbele ya mpenzi wake, kama mgonjwa unayemuuguza ukijua haponi. Hawa walikuwa na hofu yao wenyewe ya kusema, wakaazima jina. Mniletee marudio ya namna hiyo, nitanunua na nitawasifu humu humu. Sisi wenyewe tuliiogopa Nsyuka, muvi ya hapa hapa Bongo ya Mussa Banzi, na vifaa vyake vilikuwa duni. Alikuwa na kitu cha kututisha nacho.

Kwa hiyo wenye library za Tanga mnaopita humu, andikeni mwaka kwenye faili. The Fog 1980. The Fog 2005. Mteja achague mwenyewe. Kumpa mtu kitu ambacho hakukiomba na kumwambia ni kile kile ni udanganyifu, hata kama ni hela ndogo.

Na mwenye The Haunting ya 1963, ile nyeusi na nyeupe ambayo mzimu hauonekani hata mara moja, mlango tu unavimba, siyo ya 1999 iliyojaa kompyuta, aseme yuko mtaa gani. Hata akiwa Muheza nitamfuata.