Dawa ya kuongeza kwenye oili: inazuia injini kulika?

BodaMbale: Wakuu, maduka ya vipuri yanauza chupa ya kumimina kwenye oili, eti injini haitalika. Nina pikipiki ya Boxer na Hiace ya petroli. Niweke?

FundiNdeeba: Kwenye Boxer usithubutu. Klachi yake inaogelea kwenye oili hiyohiyo ya injini. Dawa ya kulainisha ikiingia, sahani za klachi zinateleza: unaongeza moto, injini inalia, mwendo hauji. Tafuta oili yenye alama ya JASO MA au MA2, yaani kiwango cha Kijapani cha oili ya pikipiki zenye klachi ya namna hiyo, basi.

OiliNaVyuma: Hiace ina klachi kavu, lakini bado ni hela ya bure. Oili nzuri tayari ina ZDDP, kemikali ya zinki na fosforasi. Pale kemshafti, ile shafti inayofungua valvu, inapokandamiza tapeti, joto na msuguano huifanya ijenge utando mwembamba juu ya chuma, na huo utando ndio unaolika badala ya chuma. Kwa hiyo kemikali inafanya kazi kweli. Swali ni kama unahitaji nyingine juu yake. Mtengenezaji wa oili ameshaipima pamoja na sabuni za oili, yaani kemikali za kusafisha injini, ambazo nazo hugombania uso uleule wa chuma. Ukizidisha, fosforasi inaharibu katalaiza, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Zile dawa zenye unga wa PTFE (plastiki ya Teflon, ile ya sufuria zisizoshika chakula) zinaweza hata kuziba filta.

BodaMbale: Na vumbi la huku kwetu je?

FundiNdeeba: Hapo hakuna dawa ya chupa. Mchanga ndio unaosaga ringi na silinda. Safisha filta ya hewa, angalia mpira wake haujapasuka, kaza klipu.