Naomba ushauri: kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta katika zahanati yetu, Tanga

Ndugu zangu wa sekta ya afya, salaam. Mimi ni muuguzi katika zahanati ndogo hapa Tanga, ambayo tangu mwezi uliopita imeanza kutunza kumbukumbu za wagonjwa kwenye kompyuta, huku tukiendelea kujaza vitabu vya MTUHA, yaani madaftari ya mfumo wa taarifa za huduma za afya. Hivyo mgonjwa mmoja anaandikwa mara mbili, na foleni inafika hadi chini ya mwembe.

Wiki iliyopita umeme ulikatika nikiwa katikati ya kuingiza taarifa za mama mjamzito ambaye presha yake ilikuwa juu, 150/100, nikaiandika kwa kalamu nyuma ya kadi ili isipotee. Umeme uliporudi nilikuta majina mawili yanayofanana herufi kwa herufi, na nusura nikiweke kipimo hicho kwenye faili la mama mwingine. Tangu siku hiyo sina amani.

Naomba mliokwisha kupita njia hii mnieleze: mnamtambuaje mgonjwa, kwa namba ya faili, ya simu, au kwa tarehe ya kuzaliwa, ambayo wazee wetu wengi hawaikumbuki? Umeme ukikatika, nani huingiza taarifa baadaye? Aidha, sote tunatumia nywila moja, jambo ninaloona haliendani na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayozihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Nimweleze vipi mganga mfawidhi, msimamizi wa zahanati yetu, bila kuonekana napinga mabadiliko ambayo mwenyewe nayataka sana?