Baada ya harusi Ahmedabad nakwenda kulala kijijini Kutch, nijiandae vipi?

Msafiri wa Tanga
Wakuu, Februari nimealikwa harusi ya Wahindu Ahmedabad, jimbo la Gujarat, India. Ikiisha, familia ya bwana harusi inanipeleka kijijini kwao karibu na Bhuj, mji mkuu wa wilaya ya Kutch, siku tatu. Pasipoti yangu ni ya Tanzania. Viza ya mtandaoni inatosha? Na zawadi, chakula, malazi vikoje?

Karani wa Bandari
Viza ya utalii ya mtandaoni inatosha kwa Bhuj na vijiji vyake. Kinachokwamisha watu wa kwetu ni cheti cha homa ya manjano. Kwa anayetoka Kenya India inakidai, anayetoka Tanzania aulize ubalozi kwanza, na kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Ukichanjwa Jumatatu ukapanda ndege Ijumaa, kadi unayo mkononi lakini bado haina nguvu, na wanaweza kukuweka karantini hadi siku 6. Harusi itakuwa imeshapita.

Jingine ni usajili wa mgeni, ile fomu iliyozoeleka kama Fomu C. Yeyote anayemlaza mgeni kutoka nje, hata nyumbani kwake, anatakiwa kumsajili uhamiaji kwa mtandao ndani ya saa 24. Hoteli wanafanya wenyewe, kijijini wengi hawana habari. Mtumie mwenyeji wako mapema picha ya pasipoti na viza. Kujaza ni jukumu lake. Wakitaka kukupeleka jangwa la chumvi kule Dhordo, kilomita 80 hivi kutoka Bhuj, kuna kibali kinachokaguliwa kizuizi cha Bhirandiyara. Beba nakala za karatasi, usitegemee picha za kwenye simu.

Bi Samli
Kutch ya wakulima ni mboga tupu. Nyumba nyingi za ukoo wa Patel ni wafuasi wa Swaminarayan, dhehebu la Kihindu: hakuna nyama wala mayai, na wanaoshika sana hawagusi vitunguu wala vitunguu saumu. Usiende na sosi au samaki mkavu kwenye begi.

Mkate wao ni wa uwele, mnene, unaliwa ungali moto. Unaumega kwa mkono wa kulia, unachovya samli na sukari guru, kisha biringanya ya kuchoma. Mtindi mwepesi wenye bizari nyembamba haukatiki. Mgawaji hakuulizi, anamwaga tu, kwa hiyo funika sahani kwa kiganja kabla hajainama. Ulichokwisha kuuma usimpe mtu, na kijiko kilichopita kinywani kisirudi kwenye chombo cha wote. Maji ya kopo wanamimina kinywani bila kugusa midomo; ukishindwa, omba glasi yako.

Viatu mlangoni. Wazee wainamie uguse miguu yao, watafurahi mno.

Msafiri wa Tanga
Asante, Bi. Zawadi je? Nilifikiria chupa ya mvinyo.

Fundi Plagi
Mvinyo sahau! Gujarat pombe ni marufuku tangu jimbo lianzishwe 1960. Wageni wa nje wana kibali chao maalumu, lakini cha kunywa wewe, si cha kumpelekea mzee wa Kiswaminarayan.

Harusini toa bahasha yenye kiasi kinachoishia na moja: rupia 501 au 1,101. Bahasha zinauzwa zikiwa na sarafu ya rupia moja imebandikwa juu. Kijijini peleka boksi la mithai kutoka Bhuj, na khanga za rangi kali kwa akina mama. Nyingi huchapwa India, najua, lakini zenye methali zetu hawana. Nyeupe na nyeusi ziache, na ngozi pia.

Plagi zetu za pini bapa haziingii kule, soketi ni za pini za duara; nunua adapta kabla. Umeme ni volti 230, chaja haina shida. Toa pesa taslimu Bhuj na uchenji ziwe noti za 50 na 100, maana duka la kijijini halina chenji ya 500 na malipo ya simu mara nyingi yanataka laini ya India.

Bi Samli
Beba sweta, Februari usiku Kutch unatetemeka. Tumbo likichafuka: lita moja ya maji yaliyochemka, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Na chunga ulimi, vijiji kama Baladia na Madhapar vina jamaa Nairobi, mzee wa kibarazani anaweza kuwa anakifahamu Kiswahili vizuri tu.