Tuliosoma bweni enzi za waranti ya treni, tupeane uzoefu: nani alikulea pale shuleni?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita nilikuwa Tabora kwenye msiba, nikapata nusu siku ya kupita shuleni kwetu. Jina silitaji, wenyewe mtaijua kwa kengele: ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye tawi la mwembe, na kipande cha nondo cha kugongea. Bado ipo. Mnyororo umemezwa na tawi, gome limeota juu yake hadi huuoni tena, ringi inaonekana kama imezaliwa na mti. Upande mmoja umebonyea na kung'aa, pale palipogongwa miaka yote. Nilisimama pale moyo unanienda mbio kama mtoto aliyechelewa paredi.

Tukikutana huwa tunawataja wakuu wa shule na vipanga waliopata divisheni wani. Leo naomba tuwataje wale wengine. Nani alikulea pale? Awe mwalimu, mpishi, mlinzi, matroni, hata mwanafunzi mwenzako. Naanza mimi.

Januari 1983 nilishuka stesheni alfajiri, mtoto wa miaka 14, nimetoka Dar na waranti mfukoni, ile hati ya serikali ya kupanda treni bila kulipa nauli. Hela ya njiani aliyonipa mama niliimaliza stesheni ya Saranda kwa kununua kuku mzima, tukamla behewa zima. Kwa hiyo nilifika sina senti, nina sanduku la bati nisiloweza kulinyanyua peke yangu. Nikalikalia na kuanza kulia.

Akaja mzee mmoja na baiskeli, koti refu la kijeshi. Alikuwa mlinzi wa shule. Hakutumwa na mtu. Baadaye nilikuja kugundua kwamba kila mwanzo wa mwaka alikuwa akimaliza zamu yake ya usiku haendi kulala, anakwenda stesheni kuangalia kama kuna njuka, mwanafunzi mgeni, ameachwa. Alilifunga sanduku langu kwenye keria kwa mpira wa tairi, tukaanza kutembea. Njiani akatoa matobolwa mfukoni, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Mimi wa pwani sijawahi kuyaona, nikadhani ni vipande vya mti. Akaniambia, "Tafuna taratibu mwanangu, utamu wake unakuja nyuma."

Miaka yote 4 aliniita Saranda. Mungu amrehemu. Endeleeni.

Msichana wa 1986

Kaka, umeniliza asubuhi asubuhi. Mzee yule akipita karibu na bweni letu usiku alikuwa anakohoa mara mbili, tujue ni yeye, tusishtuke. Hadi leo nikisikia mtu mzima anakohoa nje usiku napata usingizi mzuri.

Mimi namtaja matroni. Mnakumbuka mwaka ule wa 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Dukani rafu tupu. Mche wa sabuni tulikuwa tunaukata kwa uzi watu 6. Ukiisha, unakwenda kwenye majani ya mpapai: unayaponda, unayafikicha ndani ya ndoo mpaka maji yatoe povu la kijani, unaloweka blauzi. Inatakata kweli, ila ukiiangalia juani ina ukijani kwa mbali.

Basi katikati ya mwaka, kipindi cha jiografia, nikavunja ungo. Nyumbani nililelewa na baba, hakuna mtu aliyewahi kuniambia lolote. Nilidhani ninakufa. Nilibaki kwenye dawati hadi wenzangu wote walipotoka, nikajifunga sweta kiunoni, nikaenda kwa matroni. Hakuniuliza hata swali. Alifungua kabati, akatoa kanga, doti mpya bado ina ukakasi wa dukani, akaichana vipande mbele yangu. Kanga, mwaka 1983! Watu walikuwa wanapanga foleni kuanzia usiku kuipata. Nikasema, "Matroni, usiichane." Akasema, "Nyamaza, shika hapa uniwekee pembe."

Alinifundisha kukunja, kufunga, kufua. Na akanikataza kuvianika uvunguni kwa aibu. "Juani," alisema, "jua ndiyo dawa." Mabinti zangu 3 nimewafundisha kwa maneno yake yale yale.

Bweni la pili, 1985

Dada, majani ya mpapai! Wavulana tuliunyoa mpapai wa mwalimu wa kilimo ukabaki mlingoti.

Mimi wangu ni mpishi mkuu wa kike, yule mama aliyekuwa anasonga ugali kwa mwiko mrefu kama kasia. Kuna kundi letu la watu 4, baada ya prepo, yale masomo ya usiku, tulikuwa tunapenya nyuma ya jiko kukwangua ukoko kwenye yale masufuria makubwa. Mmoja anaingia ndani ya sufuria miguu inaning'inia nje, wengine tunamshika kiuno. Ukoko wa ugali wa mahindi ya njano, umekaukia, una moshi moshi. Sijawahi kula kitu kitamu namna ile. Hakutukamata hata siku moja, na mimi najivunia hilo. Ila nilitamani siku moja nimwombe msamaha.

Mwalimu mstaafu

Hamjambo wanangu. Binti yangu amenionyesha haya mnayoandika. Nilifundisha hisabati pale kuanzia 1981 hadi 1990. Mnauliza nani aliwalea. Mimi nilifika pale nikiwa na miaka 23, nimetoka chuoni, sijui hata kupika uji. Nadhani mlinilea nyinyi.

Nitawapa siku moja. Aprili 12, 1984, Alhamisi. Mlikuwa bwaloni kwenye prepo, karabai 2 zinawaka, mimi ni mwalimu wa zamu. Redio yangu niliiacha nyumbani kwa jirani. Akaja mbio kuniita. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa hewani, Radio Tanzania, anawatangazia wananchi kwamba Waziri Mkuu, Edward Sokoine, amefariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro, akitokea Dodoma. Nikarudi bwaloni. Nilitakiwa niwaambie. Wanafunzi mia tatu na kitu wananitazama, kalamu zimesimama.

Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Nikalia pale mbele, mwalimu mzima. Hakuna aliyecheka wala kunong'ona. Kijana mmoja wa kidato cha pili, mdogo wa umbo kuliko wote, akanyanyuka mstari wa mbele akanisogezea kiti. Nikakaa. Ndipo nikaweza kusema. Kaka mkuu akasimama, wote mkasimama, na yule mama mpishi akatoka jikoni na mwiko wake mkononi akasimama mlangoni. Tulikaa kimya mpaka karabai moja ikaanza kufifia.

Msichana wa 1986

Shikamoo mwalimu. Nilikuwepo. Nilikuwa meza ya tatu. Nakumbuka ule ukimya na wadudu wanavyogonga kioo cha karabai.

Mleta mada

Shikamoo mwalimu. Asante sana kwa kuja kwenye uzi huu. Siku ile nilikuwa bwenini naumwa malaria, nilihadithiwa tu.

Aliyeondoka 1985

Shikamoo mwalimu. Kiti kile nilikuletea mimi.

Sijawahi kuandika kwenye mambo ya shule. Huwa nasoma napita. Wengi mnanikumbuka kwa jina lingine mlilonipa baadaye, na silirudii hapa.

Nilikuwa kiranja wa stoo, kidato cha tatu. Mnajua shamba la shule lilivyokuwa, Elimu ya Kujitegemea, tunaamka na majembe kabla ya kwenda darasani. Mavuno ya 1985 yalipoingia stoo, hesabu ikaonyesha yamepungua magunia 2. Ufunguo alikuwa nao mkuu wa stoo na mimi. Kikao kimekaa jioni, asubuhi yake nikasimamishwa mbele ya paredi, nikatangazwa mwizi, nikaambiwa niondoke. Muhula mzima.

Treni ilikuwa kesho yake usiku. Nikatoka getini na sanduku kichwani. Mama mpishi akanifuata hadi barabarani, akanipeleka nyumbani kwake, akanipa ukoko na maziwa ya mgando. Sikuweza kumeza. Akaniambia, "Kula. Mimi najua hukuchukua. Nimewapikia watoto miaka mingi, mwizi wa chakula namjua anavyokula."

Nimebeba maneno hayo maisha yangu yote. Baba yangu hakunisemesha kwa miezi 3, na kitu kilichonishika nisifanye jambo baya ni kwamba kuna mtu mmoja duniani alijua. Kwa hiyo jibu langu ni huyo. Yeye ndiye alinilea, kwa usiku mmoja.

Bweni la pili, 1985

Kaka... Mimi nilikuwa nakaa na wewe meza moja bwaloni. Baada ya kusimamishwa kwako nilisema mbele za watu kwamba siku zote nilikushuku. Nilisema uongo ili nisije nikaunganishwa na wewe. Huku nikiiba ukoko kila usiku. Nisamehe ndugu yangu.

Mwalimu mstaafu

Marahaba mwanangu.

Nilijua kiti kile ni chako. Ndiyo maana hapo juu sikuandika jina. Nimekaa na simu tangu jana usiku, sasa naandika mwenyewe, binti yangu hajui.

Nilikuwepo kwenye kikao kile. Nilikuwa mdogo kuliko wote mezani, sikusema neno. Siku ya tatu baada ya wewe kuondoka niliombwa nisaidie mahesabu ya shamba kwa ajili ya taarifa ya kupeleka mkoani. Nikapitia karatasi za kila siku za mavuno nikalinganisha na daftari la stoo. Palikuwa na kosa la kujumlisha. Magunia yale 2 hayakuibwa. Hayakuwahi kuwepo.

Nikaenda kwa mkubwa wangu nikamwonyesha. Akaniambia jambo lile limeshaisha, tukilifukua shule itaonekana haina mpango. Nikakunja karatasi zangu nikarudi darasani. Ningeweza kwenda mkoani. Ningeweza kumwandikia baba yako barua, stempu moja tu. Sikufanya. Niliogopa kuhamishwa, mke wangu alikuwa na mimba. Hiyo ni sababu, haikuwa haki yako kulipia.

Uliporudi muhula wa kwanza 1986 nilikuwa nakuita ubaoni mara nyingi kuliko wengine. Nilidhani ninakulipa. Naomba radhi, na naiomba hapa mbele ya wenzako kwa sababu ulitangazwa mwizi mbele yao.

Msichana wa 1986

Nimesoma nimeshindwa kuendelea na kazi. Mwalimu, asante kwa kusema. Kaka yangu, pole sana. Pole kwa miaka yote hii.

Mleta mada

Kuna anayejua habari za mama mpishi? Kama yupo hai aambiwe haya.

Binti wa mama mpishi

Yupo. Macho yamepungua nguvu lakini masikio ni mazima kabisa. Nimemsomea yote tangu mwanzo, amekaa mkekani anapembua mchele kwa kugusa tu.

Kuhusu wale wa ukoko amecheka mpaka amekohoa. Anasema, "Waambie mlango wa nyuma ulikuwa na komeo. Nani alikuwa anaiacha wazi?" Anasema alikuwa anaacha kuni 2 zinawaka chini ya sufuria baada ya kupakua, ili ukoko uwe mnene. Wengine walikuwa hawashibi, na chakula kilikuwa kinapimwa. Ukoko haukuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Nilipofika kwenye magunia alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Alimaliza shule?" Nimemwambia sijui. Anataka kujua.

Aliyeondoka 1985

Mwambie mama nilimaliza. Kidato cha nne 1986, pamoja na wenzangu hawa, japo nilikuwa nakula peke yangu. Siku hizi nipo Urambo, nalima mahindi na karanga. Nina watoto 5. Kama anapokea wageni, Jumapili nakuja. Nitapitia stendi, mtu mmoja anielekeze.

Bweni la pili, yameisha ndugu yangu. Ukipata nafasi twende wote.

Mwalimu, nimeisoma mara 3. Siku ya leo sina jibu, nipe muda. Ila naomba kitu kimoja. Zile namba. Ziandike hapa, wazione wote waliokuwa paredi.

Mwalimu mstaafu

Zile karatasi ninazo. Nimehama nyumba mara 6 nazo. Nimezitoa sasa hivi kabatini, ninasoma kama zilivyo.

Siku ya kwanza magunia 17.
Siku ya pili magunia 15.
Siku ya tatu magunia 9.
Jumla 41.
Stoo yalihesabiwa 41.
Daftari la stoo liliandikwa 43.