Mdogo wangu anataka kuacha dawa za sonona kwa sababu wenzake wanamwita chizi, nifanyeje?

dada_mkubwa98

Habari zenu. Nivumilieni kama maelezo yatakuwa marefu, ni siku ya nne sasa silali vizuri.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 17. Mwaka jana alianza kubadilika taratibu, kwanza akaacha mpira, halafu usiku akawa halali ila mchana analala fofofo, ukimsemesha anakujibu neno moja basi. Nyumbani tulisema ujana huo utapita. Mimi mwenyewe nilimwambia aache kudeka, na hilo neno linaniuma mpaka leo. Siku aliponiambia anatamani asiamke tena ndo nikashtuka, tukampeleka hospitali, wakasema ni sonona, akaanzishiwa dawa na kupangiwa kuongea na mwanasaikolojia kila wiki. Hii ni wiki ya 7 na kwa kweli naona tofauti. Wiki iliyopita alicheka kwa sauti chumbani kwake, mi nikasimama mlangoni nasikiliza tu.

Sasa shida. Kuna mwenzake aliona pakiti ya dawa kwenye begi lake akaipiga picha akaituma kwenye grupu la darasa, mtu mwingine akaingia intaneti kutafuta ni dawa ya nini, basi ikawa imeisha. Saivi akipita wanazungusha kidole pembeni ya kichwa. Rafiki yake wa tangu wakiwa wadogo hajibu meseji. Juzi natandika kitanda chake nikakuta vidonge vitatu chini ya godoro, kumbe anajifanya anameza. Nilipomuuliza akanijibu "dada, nikiacha kumeza dawa za vichaa hawatakuwa na cha kuniita". Nilikosa la kusema.

Naombeni ushauri. Nimwache apumzike na dawa mpaka watu wasahau? Niende shuleni? Mama yeye anataka tuseme zilikuwa dawa za aleji yaishe.

kimya_kimya

Pole sana dada. Mimi nina miaka 24, na nikiwa na 19 nilifanya hicho hicho anachofanya mdogo wako, niliacha dawa ghafla tena bila kumwambia mtu, kwa sababu mtu niliyekuwa naishi naye chumba kimoja aliziona akaanza kulala na simu na pochi yake chini ya mto kana kwamba mi ni mwizi. Zile siku za kwanza nilipata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto za ajabu, na kitu kama shoti ya umeme kichwani kila nikigeuza macho. Nikadhani ndo ukichaa wenyewe umefika. Kumbe ni mwili umenyang'anywa dawa ghafla, hakuna aliyewahi kunieleza hivyo. Halafu mwezi wa pili sonona ikarudi nzito kuliko mwanzo.

Kwa hiyo mwambie kutoka kwa mtu aliyepita hapo, asiache kienyeji. Zile dawa zenyewe zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi vizuri, na hata ukipata nafuu unaambiwa uendelee angalau miezi sita hivi ndipo daktari aanze kukupunguzia kidogo kidogo. Wiki ya 7 na ameanza kucheka, yani ndo kwanza anaanza kuvuna.

Kuhusu marafiki, wanaokuita chizi wanauma ila unawazoea. Wanaoumiza zaidi ni wale wanaonyamaza. Mimi nilibaki na jamaa mmoja tu, alikuwa anakuja jioni anawasha gemu tunacheza, haniulizi chochote, akimaliza anasema "kesho nakuja" na kesho anakuja kweli. Hakuwahi kunipa hotuba hata moja. Mtafutie mdogo wako mtu mmoja wa hivyo, grupu zima achana nalo kwanza.

nesi_zamu_ya_usiku

Mwanangu, nimefanya kazi wodi ya afya ya akili ya vijana miaka mingi, kwa hiyo nitaanza na kitu ambacho naona kimepita kimya hapo juu. Vile vidonge chini ya godoro. Kila mtu anaona kijana anakwepa dawa, na inawezekana ni hivyo tu, ila mimi nikikuta vidonge vimekusanywa na kijana aliwahi kusema hatamani kuamka, nauliza anavikusanya kwa ajili ya nini. Hesabu leo. Tafuta na kwenye begi, na kwenye mifuko ya nguo. Kuanzia sasa dawa zikae kwa mtu mzima, ampe kimoja kimoja na akimeze mbele yake.

Halafu muulize waziwazi, kwa maneno haya haya: "unafikiria kujiua?" Najua mdomo unakuwa mzito. Watu wengi wanaogopa kwamba ukiuliza utampa wazo, lakini sivyo, tafiti zimeangalia jambo hili na kuuliza hakumtii mtu wazo hilo, wengi huwa wanashusha pumzi kwamba hatimaye kuna aliyeona. Akikwambia ndiyo, na hasa akiwa na namna au siku kichwani, usimwache peke yake na mfike hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri miadi. Na ujue kwa walio chini ya miaka 25 dawa hizi zinahitaji uangalizi wa karibu zaidi wiki za mwanzo na kila dozi inapobadilishwa, sasa yeye anameza leo anaruka kesho, ni kama dozi inabadilika kila siku. Kliniki lazima wajulishwe kwamba ameruka, na hawatamgombeza, wanaona hayo kila wiki.

Mwambie pia kwamba hayuko peke yake hata kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja katika kila saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Piga hesabu ya darasa la wanafunzi 40, ni kama watano au sita. Maana yake hata kati ya hao wanaozungusha kidole yupo ambaye usiku analia na hajui aanzie wapi, na kila akisikia "chizi" anazidi kufunga mdomo.

baba_wawili

Mimi nitatofautiana na wenzangu kidogo, mnisamehe. Dawa aendelee, hapo sina ubishi. Lakini haya mambo ya kujieleza kwa watu mimi hapana. Watu hawasahau. Nina mtu wa karibu alisema ukweli wake kazini, tangu siku hiyo kila akikasirika kama binadamu yeyote wanaulizana kama amemeza dawa leo. Mama yenu yuko sahihi, semeni ni aleji, mtoto amalize shule kwa amani. Mnamlinda.

mwl_wa_zamu

Baba wawili, woga wako naupata na wala si wa bure, hilo la "umemeza dawa leo?" nimelisikia kwa masikio yangu. Tena nakubaliana na wewe kwamba kijana asisukumwe kujieleza mbele ya watu. Ila kunyamaza na kudanganya mimi naviona ni vitu viwili. Akinyamaza, jambo linabaki lake, ana haki ya kulisema au kutolisema siku anayotaka. Familia ikitunga uongo, yeye anasikia kwamba hata mama yake anaona ni aibu. Na tayari walishatafuta jina la dawa kwenye intaneti, aleji haitamfunika mtu.

Mimi ni mwalimu. Tuliwahi kuwa na jambo linalofanana na hili na kosa letu la kwanza lilikuwa kuitisha mkutano na kukemea, jina la mtoto halikutajwa lakini shule nzima ikageuka kumwangalia. Tulichofanya baadaye kilisaidia zaidi. Tulimwalika kijana aliyekuwa ameugua akapona, akaja akaongea kama kaka yao, alivyoanza, alivyoficha, anavyoishi leo. Wanafunzi wakaandika maswali kwenye vikaratasi bila majina. Kuna aliyeuliza kama sonona inaambukiza. Mwingine, nikimwambia mwalimu nitafukuzwa? Hicho cha pili nilikisoma mara mbili sauti ikanikwama. Mwaka 2022 jopo la wataalamu wa jarida la kitabibu la Lancet lilitoa ripoti ndefu kuhusu kumaliza unyanyapaa na jambo walilolisisitiza ni hilo, watu wakutane na waliopitia wenyewe. Mabango ukutani tunayo miaka yote na "chizi" bado tunaisikia.

Na wanamichezo nao wametusaidia. Naomi Osaka, yule mcheza tenisi, alipojitoa mashindano ya French Open 2021 na kusema amekuwa akipata vipindi vya sonona tangu 2018, mwanafunzi wangu mmoja anayependa tenisi alinifuata akaniuliza, kumbe mtu anashinda makombe na anayo?

Dada, shuleni nenda, lakini muulize kwanza mdogo wako nini kisemwe na kwa nani. Ile picha ni suala la nidhamu, mtu kapekua vitu vya mwenzake na kusambaza habari za matibabu yake. Hilo linaweza kushughulikiwa kimya kimya na mwalimu mmoja wa malezi.

dada_mkubwa98

Nimerudi. Nesi, Mungu akulipe. Tulihesabu vikawa 11, vingine vilikuwa ndani ya soksi. Nilimuuliza kama ulivyosema, kwa maneno yale yale, nikitetemeka. Akakaa kimya muda mrefu halafu akasema aliwahi kufikiria zamani kabla ya hospitali na tena usiku ule picha iliposambaa, ila sio sasa, vile vidonge alikuwa hajui avitupe wapi tusivione. Sikutaka kuamua mwenyewe kama ni kweli, tulipiga simu kliniki wakatuita siku hiyo hiyo, wamemwangalia wakaturuhusu kurudi nae nyumbani ila tunarudi tena baada ya siku tatu. Dawa anazo mama. Na mama hajataja tena aleji, alimsikiliza daktari akatoka anafuta macho.

Nimemwomba msamaha kwa lile neno la kudeka. Akaniambia halikumbuki. Mi najua analikumbuka.

Shuleni amekubali niongee na mwalimu mmoja tu amchague yeye. Na yule rafiki yake amemwandikia mwenyewe, mistari miwili, kwamba anaumwa na anapata matibabu na anamkumbuka. Imesomwa, haijajibiwa bado.

Nesi swali dogo, analalamika dawa inamtia usingizi darasani, anameza asubuhi. Tunaweza kuhamishia usiku?

nesi_zamu_ya_usiku

Umefanya vizuri sana mwanangu. Msibadilishe wenyewe, kuna zinazohamishiwa usiku bila shida na kuna ambazo zitamnyima usingizi. Siku tatu si mbali, liandike hilo swali kwenye karatasi mwende nalo, na yeye mwenyewe ndo amuulize daktari.