Hivi kwa nini hakuna emoji ya korosho?

Mbanguaji_Mtwara
Wadau habarini. Mie nauza korosho za kubangua hapa Mtwara mjini, kila asubuhi naweka status. Kwenye kibodi nimetafuta korosho weee sijaiona nikaona bora niweke karanga 🥜, sasa jana dada mmoja yuko Dodoma kaja inbox kauliza bei ya kilo, nimemtajia akanijibu "kaka karanga gani hizo, mmezipaka dhahabu?" Nani anaamuaga haya mambo? Sushi ya Wajapani ipo, korosho hakuna!

FundiSimu_Lindi
Mkuu wanaoamua wanaitwa Unicode Consortium, wapo California. Kazi yao kugawa namba kwa herufi zote za dunia, na kwao emoji ni herufi tu kama A. Hiyo karanga yako namba yake 1F95C. Ukiituma haiendi picha, inaenda namba, halafu simu ya mwenzio ndo inachora kivyake, ndo maana simu ya zamani inakutolea kijiboksi, namba imefika ila mchoro haina. Kuhusu sushi, hizi emoji zilianzia kwenye simu za Japani miaka ya 90, kila mtandao na zake na ukituma mtandao wa pili zinavurugika, Unicode wakaja kuzipa namba za pamoja 2010. Walirithi na misosi yao humo humo 😄

Mwana_Newala
Kupeleka ombi anaruhusiwa yeyote na ni bure, wana kipindi cha kupokea kila mwaka. Ila wabishi hao, maana wakishaipa namba haifutwi tena. Wanataka ushahidi kwamba watu wengi wanakitafuta hicho kitu mtandaoni, na kwamba hakuna emoji iliyopo inayoweza kukisimamia. Hapo ndo tutakwama, korosho ukiichora kwa udogo ule ni harage, na harage 🫘 lipo toka 2021. Labda ichorwe na bibo, lile tunda lake jekundu, korosho inaning'inia chini, hapo hata mtu wa Dodoma haulizi.

Mbanguaji_Mtwara
@Mwana_Newala hiyo ya bibo umeua 😂 ila si miaka hiyo mpaka itoke? Msimu unanisubiri?

MamaKangomba
Mnahangaika bure wanangu. Wao wanatoa namba na jina, kinachomaanishwa tunajua wenyewe. Grupu letu la chama cha msingi 🌰 ni korosho ghafi, 🥜 iliyobanguliwa, na siku mnada ukija na bei mbovu mtu anatupia 💀 moja tu, wote tushaelewa hakuna haja ya maelezo. Hiyo 🌰 kwenye makaratasi yao ni chestinati, tunda la huko kwenye baridi, sijawahi hata kuliona.

Mbanguaji_Mtwara
Sawa mama, ila mteja wa Dodoma hayupo kwenye grupu lenu.

FundiSimu_Lindi
Muandikie KOROSHO kwa herufi kubwa bro, hizo kila simu inazo.