Ada ya chama cha wafanyakazi: mnalipa kwa sababu ina faida au kwa sababu tu inakatwa?

Zamu_ya_Usiku

Wakuu habari za muda huu. Nimepata ajira ya kudumu juzi juzi hapa baada ya kuzunguka sana na vile vimkataba vya miezi mitatu mitatu, sasa kwenye makaratasi ya HR wamenipa na fomu ya chama cha wafanyakazi nijaze. Makato ni asilimia 2 ya mshahara wa msingi kila mwezi, inakatwa juu kwa juu kabla hela haijaingia benki. Nimeuliza wenzangu kazini kila mtu na lake. Mmoja anasema jaza tu, mwingine anasema tangu aanze kukatwa ameambulia fulana na kofia za Mei Mosi, tena kofia yenyewe ilichuja siku ya kwanza kufuliwa. Wa tatu hajajiunga kabisa na nyongeza ya mshahara anapata kama wengine, ndo huyo anayenichanganya zaidi maana nikimsikiliza sioni kosa lake liko wapi.

Asilimia 2 inasikika ndogo ila piga mwaka mzima, ni karibu robo ya mshahara wa mwezi mmoja imeondoka. Kwa wenye uzoefu, hii hela ina faida ya kushikika au tunawalipia watu posho za semina? Msiniletee zile za umoja ni nguvu, nataka hesabu.

Mpita_Njia

Posho za semina mkuu. Umeuliza na umejijibu mwenyewe.

Mama_Mahesabu

Mdogo wangu umetaka hesabu, kaa vizuri.

Swali la kwanza sio ada ni shilingi ngapi. Swali ni je, hapo kazini kwenu kuna mkataba wa hali bora uliosainiwa kati ya chama na mwajiri, na bado haujaisha muda wake? Kama haupo, chama hapo ni jina tu, unachonunua ni matumaini. Kama upo, omba nakala uusome wote, usiishie ukurasa wa mshahara. Angalia usafiri wa usiku (wewe jina lako tu linaonyesha unauhitaji), kiwango cha overtime, siku za likizo, ikitokea kupunguzwa kazini mnalipwa siku ngapi kwa kila mwaka wa utumishi. Halafu chukua sheria ya kazi ya nchi yako uweke pembeni. Kile ambacho sheria tayari inakupa usikihesabie chama, maana kuna mikataba ya hali bora imenakili sheria neno kwa neno halafu viongozi wanajisifia. Tofauti kati ya sheria na mkataba ndo bidhaa unayouziwa kwa hiyo asilimia 2.

Sasa mshahara. Tuseme mwaka huu mwajiri alikuwa anatoa asilimia 3, chama kikavuta ikafika 6. Ile 3 ya ziada haiishi mwezi huo, inakaa kwenye mshahara wako wa msingi miaka yote utakayokuwa hapo, nyongeza ya mwakani inapigwa juu yake, overtime inapigwa juu yake, michango ya pensheni inapigwa juu yake. Ada inabaki ile ile asilimia 2. Kwa hiyo kikivuta vizuri hata mwaka mmoja tu kimeshajilipia. Upande wa pili ni kwamba chama kisichovuta kitu miaka mitatu mfululizo kinakukata asilimia 2 ya mshahara uliolala pale pale, na hiyo ni hasara tupu, hakuna lugha nyingine.

Na kumbuka wanakata kwa asilimia, kwa hiyo ukipanda cheo ada inapanda na wewe wakati huduma ni ile ile. Wenye mishahara mikubwa hapo ndo wanaponung'unika na mimi naona wana hoja.

Kibarua_Mwandamizi

Mnaongelea watu wa ajira ya kudumu. Sisi vibarua chama kinatuona siku ya mgomo tu, wakitaka tuwajazie geti. Mkataba wao wa hali bora ukurasa wa kwanza tu unasema "utawahusu wafanyakazi wa kudumu", tumekaa nje ya mlango na kazi tunafanya mashine ile ile. Kuna mwaka walikuja kutuandikisha tukauliza mkijadiliana na mwajiri sisi tumo? Jibu likawa tutaliangalia mbele ya safari. Mbele ya safari gani, nikasema mimi sitoi hata mia.

Tawi_la_Juu

Nimewahi kuwa mwakilishi wa tawi kwa hiyo mniamini kwa tahadhari hahaha. Ila kuna kitu Mama Mahesabu kakiruka na mimi ndo nakiona kina thamani kuliko nyongeza, nacho ni siku ukipewa barua ya kujieleza.

Watu wengi wakipata ile barua wanatetemeka wanaandika kurasa tatu za kuomba radhi, na ile radhi ndo inakuja kutumika kama kukiri kosa. Mwakilishi anayejua kazi yake anaanza na vitu vikavu kabisa. Barua ya wito imekufikia lini, saa ngapi, umesaini wapi. Kosa limeandikwa au wamesema tu "utovu wa nidhamu". Ushahidi uko wapi na umepewa uusome kabla. Kuna kikao niliingia mwenyekiti wa kikao alikuwa ndo yule yule meneja aliyeandika malalamiko, yaani anashtaki na anahukumu, nikamuuliza kwa upole kabisa naomba iandikwe kwenye muhtasari kwamba mlalamikaji ndo mwenyekiti. Chumba kikawa kimya. HR akaomba dakika kumi, waliporudi kikao kikaahirishwa, na baadaye jamaa akaishia na onyo la maandishi badala ya kufukuzwa. Hakuna uchawi pale, ni kujua utaratibu tu, ila mtu mwenye hofu ya kukosa kazi hawezi kujifanyia mwenyewe.

Na haki ya kusindikizwa ipo kwenye sheria nchi nyingi tu. Kenya Sheria ya Ajira ya 2007 kifungu cha 41 inataka mfanyakazi aelezwe sababu akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Tanzania kanuni za utendaji bora za 2007 zinataka upewe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48. Haki iko kwenye karatasi, ila lazima awepo mtu wa kuitaja kwenye chumba kile.

Sasa hapa sikia vizuri Zamu_ya_Usiku. Vyama vingi havishiki kesi iliyoanza kabla hujajiunga. Watu wanakuja mbio na barua mkononi wanataka fomu siku hiyo hiyo, na mara nyingi wanaambiwa pole. Ukishafukuzwa nako saa inakimbia, Tanzania kwa mfano shauri la kuachishwa kazi isivyo halali unatakiwa ulifikishe tume ya usuluhishi ndani ya siku 30. Piga hesabu ya wakili wa kujitegemea kwa shauri moja tu halafu rudi kwenye ile robo ya mshahara wako.

Mpita_Njia

Sawa mzee wa tawi umeongea, lakini wewe ulikuwa mwakilishi mzuri, je nikiletewa mwakilishi ambaye jioni anakunywa na meneja? Kuna sehemu niliwahi kufanya kazi mwakilishi wetu alipandishwa cheo wiki mbili baada ya kusaini makubaliano ambayo hakuna mtu aliyaona. Na huko juu ndo usiseme. Hata Marekani kwenyewe, chama cha wafanyakazi wa magari UAW, marais wao wawili, Gary Jones na Dennis Williams, walikiri mahakamani wakafungwa, hela za wanachama zilienda kwenye gofu, sigara kubwa na majumba ya kifahari. Hao ni watu wenye wakaguzi na sheria kali. Huku kwetu je?

Nyaraka_Tupu

Mkuu Mpita_Njia hiyo habari ya UAW umeikata katikati, mwisho wake ndo unaojibu swali la mtoa mada.

Baada ya ile kashfa chama kikawekewa msimamizi na mahakama, na mwaka 2021 wanachama wakapigiwa kura ya maoni, viongozi wa juu waendelee kuchaguliwa na wajumbe wa mkutano mkuu au kila mwanachama apige kura mwenyewe? Wakachagua kila mtu apige. Uchaguzi wa kwanza wa namna hiyo ulimuingiza Shawn Fain mwezi Machi 2023 kwa tofauti ndogo sana ya kura. Septemba 15 mwaka huo huo wakagoma kwenye kampuni za magari za GM, Ford na Stellantis kwa mpigo, karibu wiki sita, na wakatoka na nyongeza ya asilimia 25 ya kupanda kidogo kidogo hadi 2028. Muda wote huo waliogoma walikuwa wanalipwa dola 500 kwa wiki. Unadhani zilitoka wapi? Mfuko wa mgomo, yaani ada hizo hizo. Chama kisicho na mfuko kinatishia mgomo ambao mwajiri anajua utakufa siku ya nne watu wakikosa hela ya kula, kwa hiyo mezani hakiheshimiwi.

Mimi ndo maana simuulizi mtu "viongozi ni waaminifu?", hilo swali halina jibu. Nauliza viongozi wanachaguliwaje, na mahesabu yanaonekana wapi. Marekani sheria ya 1959 inalazimisha vyama vitoe ripoti ya fedha kila mwaka, vile vikubwa vinajaza fomu inaitwa LM-2 na iko mtandaoni, unaona mpaka mshahara wa katibu. Nchi nyingine nyingi sheria inataka mahesabu yakaguliwe na yapelekwe kwa msajili, shida ni kwamba hakuna mwanachama anayeenda kuuliza. Mkutano wa tawi unaitishwa wanakuja wachache wa siku zote, halafu sisi wengine tunalalamikia kwenye kantini.

Kibarua_Mwandamizi wewe nakuunga mkono asilimia 100. Kama mkataba haukuhusu, usilipe. Wakikutaka wakuweke kwanza kwenye meza ya majadiliano.

Zamu_ya_Usiku

Asanteni sana, Mama Mahesabu na mzee wa tawi mmenifungua. Lakini yule jamaa wa tatu hamjamgusa! Yeye halipi na anapata nyongeza ile ile. Kwa nini nisiwe yeye?

Mama_Mahesabu

Kwa sababu huenda nae analipa hajui. Mwambie asome slipu yake vizuri.

Sehemu nyingi kuna kitu kinaitwa ada ya uwakala. Chama kikiwa na wanachama zaidi ya nusu na kikikubaliana na mwajiri, asiye mwanachama nae anakatwa kwa kuwa mkataba unamnufaisha. Tanzania iko kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kifungu cha 72, hiyo ada haitakiwi kuzidi ya mwanachama na inakaa akaunti ya peke yake. Kenya nao wanayo kwenye Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007. Sasa mtu wa namna hiyo anatoa hela ile ile au karibu sawa ila hapigi kura, hagombei, na siku ya barua ya kujieleza hana mtu. Huyo kapata hasara kuliko wote humu.

Marekani ni tofauti, Mahakama ya Juu mwaka 2018 kwenye kesi ya Janus ilisema mfanyakazi wa serikali asiye mwanachama asikatwe hata senti bila ridhaa yake. Ufaransa ndo kabisa, wanachama ni kama mtu mmoja katika kumi lakini mikataba ya sekta inawahusu karibu wafanyakazi wote. Huko jamaa yako angekuwa na hoja. Na Uswidi walitega kwa upande mwingine, bima ya kukosa ajira inaendeshwa na mifuko iliyo karibu na vyama, serikali ilipopandisha ada za ile mifuko mwaka 2007 watu wengi wakajitoa mpaka kwenye vyama. Maana yake wengi walikuwa wanalipia bima, mapenzi ya chama yalikuwa madogo. Mimi sioni ubaya, mtu alipie anachokitumia.

Tawi_la_Juu

Na kama haipo ada ya uwakala hapo kwenu, jamaa wa tatu anashinda mpaka siku wakifika wengi kama yeye. Chama kikishuka chini ya nusu mwajiri anaweza kukataa kukaa nacho mezani kabisa, nimeona likitokea, mwajiri alikuwa anahesabu fomu za kujitoa kila mwisho wa mwezi.

Ukijiunga ukaona hakuna kitu unatoka, sio ndoa ya kanisani. Unaandika barua kwa mwajiri na nakala kwa chama, kwa kawaida notisi ni mwezi mmoja. Nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa usiipoteze, maana makato yana tabia ya kuendelea "kwa bahati mbaya".

Zamu_ya_Usiku

Mrejesho kidogo. Nimesoma slipu ya jamaa kwa ruhusa yake, hakatwi kitu, kwa hiyo ada ya uwakala kwetu haipo. Leo nimemfuata katibu wa tawi nikamuomba nakala ya mkataba wa hali bora niusome kabla ya kusaini fomu. Kaniangalia akaniuliza "unautaka wa nini?"

Mpita_Njia

😂😂😂 semina hiyo

Nyaraka_Tupu

Usikasirike wala usisaini. Muombe kwa maandishi, tarehe juu, na ulizia na mahesabu ya mwaka jana kwenye karatasi hiyo hiyo. Akikaa wiki mbili kimya nenda ofisi ya chama ya mkoa au kwa HR, mkataba ukishasainiwa mwajiri nae ana nakala. Ulizia pia uchaguzi wa tawi ni lini.

Kibarua_Mwandamizi

Ukiupata angalia ukurasa wa kwanza unasemaje kuhusu vibarua halafu utuambie.